Kichwa kilichobeba Juzuu Amma hakiwezi kuwa kizito

 

Ndugu msomaji, anayesafiri kwa barabara kuu kwenda Rusumo lazima apite Lusahunga, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Ni njia panda. Barabara moja inakwenda Ngara na mpaka wa Rwanda, kiasi cha kilomita 92, nyingine inaelekea Biharamulo mjini na Bukoba. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana, na penye malori hapakosi biashara ndogondogo. Wengi wa wauzaji ni watoto.

Safari moja gari letu lilisimama hapo Jumamosi, wakati wa Alasiri. Baada ya swala, kijana mmoja aliyekuwa ameacha beseni lake la mahindi mlangoni mwa msikiti alinisalimia kwa adabu. Nikamuuliza anasoma kidato cha ngapi. Akasema cha tatu. Nikamuuliza maendeleo. Akainama.

“Ustadhi, mimi kichwa changu kizito. Nasoma lakini hakiingii kitu. Labda ndivyo Allah alivyonikadiria.”

“Na Qur'an umefika wapi, mwanangu?”

“Juzuu Amma nimehifadhi yote. Sasa niko Tabaraka.”

Nikanyamaza kidogo. Juzuu Amma ina sura 37. Kijana huyu anazo kifuani, kwa lugha ambayo si ya mama yake wala si ya mtaani kwake. Halafu anaamini kwamba kichwa hicho hicho hakiwezi kubeba kurasa chache za Jiografia!

Waislamu wenzangu, hapa pana maradhi mawili. La kwanza ni kuisingizia kadari. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, lakini kadari si mto wa kulalia. Katika Suratur-Ra'd, aya ya 11, Allah (s.w.) anatufundisha kwamba hali ya watu haibadiliki mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Katika Suratun-Najm, aya ya 39, tunaelezwa kwamba mtu hana ila lile alilolifanyia juhudi. Umar bin Khattab (r.a.) alipokataa kuingia Sham kwa ajili ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari nyingine ya Allah. Basi mwanafunzi anayefeli kisha akabadili mwenendo wake naye hajatoka nje ya kadari. Amechagua tu njia iliyo bora.

Maradhi ya pili ni kuutenganisha uzoefu wa madrasa na masomo ya shule. Hebu tujiulize, kijana huyu aliihifadhije Juzuu Amma? Hakukesha usiku mmoja akaimaliza. Ustadhi alimpa aya chache. Akazirudia. Kesho yake akafunga msahafu akazisoma kwa kichwa mbele ya ustadhi. Alipokosea alisahihishwa pale pale. Hakupewa aya mpya mpaka zile za jana zimesimama. Na kila baada ya siku kadhaa alirudishwa nyuma kufanya murajaa.

Sasa tazama anavyosoma masomo ya shule. Daftari linafungwa kengele ya mwisho ikilia, na halifunguliwi tena mpaka mtihani ukaribie. Hapo ndipo anapokesha na kibatari, anapitisha macho juu ya maandishi yale yale mara tano, anadhani amesoma. Asubuhi akikaa mbele ya karatasi, kila kitu kimeyeyuka. Kisha anasema kichwa ni kizito!

Wataalamu wa elimu wameyathibitisha haya. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba mtu husahau haraka sana alichojifunza asipokirudia. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi wasome. Waliofunga maandishi na kujikumbusha kwa kichwa walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliosoma na kurudia kusoma. Haya ndiyo yale yale ya ustadhi wa chuoni: funga msahafu, nisomee.

Lakini tahadhari. Simaanishi kukariri kama kasuku. Imepokewa kwamba masahaba walikuwa hawazivuki aya kumi mpaka wajue yaliyomo ndani yake na kuyatenda. Basi mwanafunzi aseme somo kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kulieleza, hajalielewa, na kesho amfuate mwalimu. Na kwa kuwa masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, wakati msingi wengi walisoma kwa Kiswahili, ajiwekee maneno matano mapya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapi atapata muda? Muislamu tayari amepewa ratiba, nayo ni swala tano. Baada ya Alfajiri akili imetulia, na Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku. Nusu saa hapo itumike kwa somo gumu zaidi. Jioni, kabla kazi za nyumbani hazijamchukua, arudie yaliyofundishwa siku hiyo hiyo, japo kwa dakika kumi kila somo. Kati ya Magharibi na Isha, siku ambazo hana darasa la Qur'an, ajibu maswali ya mitihani iliyopita bila kutazama majibu. Mwisho wa wiki iwe murajaa ya wiki nzima. Kisha alale. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, hata kama ni ndogo.

Sasa niwageukie wazazi. Mwezi Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ikalaumiana, na Waziri Mkuu akaunda tume. Lawama nyingine zilikuwa za haki, kwani walimu na vitabu vilipungua kweli. Lakini saa za jioni nyumbani kwetu hazikuwa mikononi mwa tume yoyote.

Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne. Lakini muda wa mtoto bado tunautoza. Sisemi mtoto asimsaidie mzazi. Umaskini tunaujua, na beseni lile la mahindi pengine ndilo chakula cha usiku. Nasema tumbakishie japo saa moja isiyoguswa. Na sisi wa mijini tusijione tumesalimika. Mtoto wa Lusahunga anaporwa saa yake na beseni, wa kwetu anaporwa na televisheni na simu, tena sisi wenyewe ndio tuliomnunulia.

Mzazi asiyejua kusoma naye asijitoe. Amwambie mwanawe: “Funga daftari, nieleze ulichosoma leo.” Atajua tu kama mtoto anaeleza au anababaisha. Mtume (s.a.w.) baada ya Badr aliwakubali mateka wasio na mali wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Waliofundisha walikuwa washirikina, na walichofundisha ni kuandika. Je, sisi tunashindwa kuiacha taa ya msikiti iwake baina ya Magharibi na Isha, watoto wapate pa kusomea?

Honi ilipolia nilimwambia kijana yule neno moja: “Jiografia isome kama ulivyoisoma Suratun-Nabaa.” Akacheka, akajitwisha beseni lake. Tumuombe Allah (s.w.) amfungulie yeye na watoto wetu wote, na atupe sisi wazazi haya ya kutowapora saa zao.