Somo la 8: Miganda Ndani ya Ndoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 37:2–11, Mwanzo 40, Mwanzo 41:46–57, Mwanzo 45:4–8, Yeremia 29:4–14, Danieli 1, Danieli 3:16–18, Isaya 65:17–25.

Fungu la Kukariri: Yeremia 29:11. Likariri pamoja na fungu la 10 linalolitangulia.

Wenyeji wa Bagamoyo hulisimulia jina la mji wao kwa namna mbili. Wapo wasemao kwamba wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora, pembe za ndovu zikiwa mabegani, walipoiona bahari walitua mizigo na kubwaga moyo, maana safari ilikuwa imekwisha. Wengine husema neno hilo ni la mateka waliofikishwa pwani ili wauzwe. Hapo walibwaga moyo kwa sababu tumaini la kurudi kwao lilikuwa limekatika. Bandari ni moja na neno ni moja, lakini mmoja amepumzika na mwingine amekata tamaa.

Leo mji huo ni mji wa wanafunzi. Wapo wanaosomea ngoma, muziki na maigizo katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, wapo wanaosomea uvuvi Mbegani, na wapo wa sekondari waendao shule kwa miguu asubuhi. Kila mmoja ana ndoto yake. Huyu anataka kuwa nesi, yule nahodha, na mwingine anataka tu paa la nyumba ya mama yake lisivuje tena. Wengi huota pia kwa ajili ya dunia: vita vikome, samaki warudi baharini, mtoto wa maskini asome sawa na mtoto wa tajiri.

Mungu hufanya nini na ndoto kama hizo? Somo la juma hili linaonyesha kwamba ndani ya ndoto ya kijana Mungu huweza kuficha chakula cha watu wengine, na kwamba kijana huhitaji muda, na ndugu wa kumsindikiza, kabla hajakiona.

JUMAPILI

Walichokiona na Wasichokiona

Soma Mwanzo 37:2–11. Yusufu alikuwa na umri gani? Ndugu zake waliisikiaje ndoto yake, na baba yake aliipokeaje?

Yusufu alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Katika ndoto ya kwanza yeye na ndugu zake wako shambani wakifunga miganda, na miganda ya ndugu zake inauinamia mganda wake. Ndugu walisikia neno moja tu, kuinama, na wivu ukawaka. Huenda Yusufu naye alisikia hilo hilo, maana aliisimulia bila kupima uzito wake kwa wasikilizaji.

Hakuna aliyeuliza juu ya miganda yenyewe. Kwa nini ndoto ilikuwa na mavuno? Kwa nini wachungaji wa kondoo waote nafaka? Jibu lilikuja baada ya miaka mingi. Yusufu alikuwa na miaka thelathini aliposimama mbele ya Farao (Mwanzo 41:46), akakusanya nafaka nyingi mithili ya mchanga wa pwani (fungu la 49). Ndugu zake walipokuja kununua chakula na kumwinamia, ndipo alipozikumbuka ndoto zake (Mwanzo 42:6, 9). Ndoto ile tangu mwanzo ilihusu mkate. Kuinama kulikuja kwa sababu watu walikuwa na njaa.

Mtazame pia Yakobo. Alimkemea mwanawe, lakini hakuitupa ndoto. Aliliweka neno lile moyoni akangoja. Mzazi au mzee wa kanisa anayeambiwa na kijana jambo kubwa kuliko umri wake anaweza kulicheka kama ndugu zake Yusufu, au kulitunza kama baba.

*Kijana wa nyumbani mwako anaota nini? Ni nani atakayeshiba ndoto hiyo ikitimia?*

JUMATATU

Swali Lililoulizwa Gerezani

Soma Mwanzo 40:1–8 na 40:23. Yusufu aliuliza nini asubuhi ile, na kwa nini swali hilo ni la ajabu kwa mfungwa?

Wakati huo Yusufu alikuwa ameuzwa na ndugu, amesingiziwa na mke wa bwana wake, na amefungwa bila kosa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuinamisha uso, ni yeye. Hata hivyo, alipoingia kwa mkuu wa wanyweshaji na mkuu wa waokaji, aliona nyuso zao, akawauliza kwa nini wana huzuni siku hiyo.

Swali hilo dogo ndilo lililofungua njia ya kwenda kwa Farao. Yusufu hakulipanga. Alikuwa mtu ambaye ndoto yake imevunjika, naye bado anasikiliza ndoto za wengine.

Tena njia hiyo haikufunguka mara moja. Mnyweshaji alimsahau, na miaka miwili mizima ikapita (Mwanzo 41:1). Biblia haisemi Yusufu aliwaza nini katika miaka hiyo. Inasema tu kwamba alipoitwa, alitolewa gerezani.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kwa kawaida matokeo hutangazwa Januari. Siku hiyo simu hupita mkono kwa mkono. Fikiria binti aliyetaka kuwa daktari, naye anasoma daraja la sifuri mbele ya jina lake. Sabato inayofuata anakaa benchi la nyuma, au haji kabisa. Wenzake waliofaulu wanaitwa mbele kuombewa. Ni nani atakayemwendea na kuuliza swali la Yusufu?

*Darasa lenu lina vijana wangapi walioacha kuja baada ya matokeo? Juma hili nani atawatembelea?*

JUMANNE

Kalamu ya Jacob Wainwright

Historia ya pwani hii ina wanafunzi waliopitia njia inayofanana na ya Yusufu. Mwaka 1868 mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani na kuwafundisha kusoma, kulima na ufundi. Watoto wengine waliookolewa baharini na manowari za Waingereza walipelekwa mbali hadi India, wakasomeshwa katika shule ya Nasik, karibu na Bombay. Mmoja wa hao alikuwa Jacob Wainwright, Myao kwa asili. Mwaka 1872 alijiunga na msafara uliotumwa bara kumpelekea David Livingstone msaada.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakakata shauri kuupeleka pwani. Katika maziko yale alihitajika mtu wa kusoma sala na wa kuchonga jina la marehemu katika gome la mti. Aliyeweza ni Wainwright, mtoto aliyewahi kuwa mateka.

Karibu na Tabora walikutana na afisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wauzike mwili huko. Walikataa. Mwezi Februari 1874, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500, waliufikisha Bagamoyo, wakautua katika misheni. Wainwright aliusindikiza hadi London, akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza katika Kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Baadaye alirudi Afrika, akafia Urambo, magharibi ya Tabora, mwaka 1892.

Kusoma hakukumrudishia Wainwright nyumba aliyonyang'anywa utotoni. Wala mwalimu wake wa Nasik hakuweza kujua kwamba herufi zile zingetumika siku moja chini ya mti huko bara. Alichojifunza kilikutwa tayari siku kilipohitajika.

Soma Mwanzo 41:33–40. Ni ujuzi gani ambao Yusufu alijifunza nyumbani kwa Potifa na gerezani, uliomfaa alipowekwa juu ya nchi yote?

*Unajifunza nini sasa ambacho bado huoni faida yake? Kinaweza kumfaa nani?*

JUMATANO

Ahadi ya Miaka Sabini

Soma Yeremia 29:4–14. Barua hii iliandikwa kwa akina nani? Fungu la 10 linaibadilishaje namna ya kulisoma fungu la 11?

Fungu la 11 huandikwa kwenye kadi za mahafali na kusomwa siku ya kuwaaga wanafunzi. Ni vema. Lakini wasomaji wa kwanza walikuwa mateka Babeli, na Mungu alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba ukombozi utakuja baada ya miaka sabini. Mtu mzima aliyeisikia barua ile alijua kwamba pengine atakufa kabla ya siku hiyo. Tumaini alilopewa lilikuwa la kweli, ila lilikuwa kubwa kuliko maisha yake.

Wafanye nini wakati wa kungoja? Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wautakie amani mji uliowachukua mateka (mafungu ya 5–7). Manabii wa uongo waliwaahidi njia ya mkato. Mungu aliwapa jembe.

Vijana wa Bagamoyo wanajua kungoja. Mwaka 2013 Tanzania na China zilisaini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, na watu wengi waliota ajira. Mwaka 2019 mpango ulisimama, baadaye ukazungumzwa upya. Wanafunzi waliokuwa darasani mwaka ule wa kwanza sasa ni watu wazima. Kijana aliyeweka tumaini lake lote katika bandari ana sababu ya kubwaga moyo. Kijana aliyejifunza kushona nyavu, kuunda mashua au kufuga samaki huku akingoja, ana kitu mkononi leo, na bandari ikija itamkuta.

*Je, kumngoja Bwana Yesu kunakufanya ujenge na kupanda, au kunakupa sababu ya kukaa bure?*

ALHAMISI

Mtihani Ukipangwa Siku ya Sabato

Soma Danieli 1:3–20. Danieli alikubali mambo gani ya shule ya Babeli, na alikataa lipi? Alilikataa kwa maneno ya namna gani?

Danieli na wenzake walikuwa wanafunzi. Walikubali kujifunza lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Katika chakula cha mfalme walisimama, lakini Danieli hakutukana wala hakugoma. Aliomba, akasikiliza hofu ya msimamizi wake, akapendekeza jaribio la siku kumi.

Mwanafunzi Mwadventista anayepangiwa mtihani siku ya Sabato anasimama hapo hapo. Na aende mapema kwa wakuu wa chuo, kwa heshima, akiwa na barua ya kanisa. Mzee wa kanisa asingoje Ijumaa jioni ndipo aandike. Mara nyingi mlango hufunguka.

Wakati mwingine haufunguki. Hapo kanisa lisimdanganye kijana. Vijana watatu wa Danieli 3:16–18 walikiri kwamba Mungu anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Mwanafunzi anaweza kumtii Mungu na bado akapoteza mwaka mzima. Wakati wenzake wanahitimu, yeye anarudia somo na kutafuta ada upya. Ushuhuda wa kanisa siku hiyo hautapimwa kwa mahubiri. Utapimwa kwa atakayelipa nauli yake, atakayempa chumba, na atakayemwambia mama yake kwamba mtoto wake hajapotea.

*Kanisa lenu limemwandalia nini mwanafunzi atakayelipa gharama ya utii?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Isaya 65:17–25. Nabii anaeleza nchi mpya kwa mambo ambayo kijana yeyote huyaota: nyumba inayokaliwa na aliyeijenga, shamba linaloliwa na aliyelipanda, watoto wasiozaliwa kwa taabu. Mungu hazidharau ndoto hizo. Anaziahidi ziwe zaidi ya vile zilivyo, mahali pasipo mtu wa kumnyang'anya mwenzake.

Soma tena Mwanzo 45:4–8. Yusufu aliwaambia ndugu zake wazi kwamba walimuuza, kisha akasema Mungu alimtuma mbele yao ili kuokoa maisha. Mambo hayo mawili aliyasema pamoja. Hakuuficha uovu, wala hakuuacha uwe neno la mwisho.

Kijana aliyechoka njiani, mzigo ukiwa bado begani, asiambiwe kwamba safari ni fupi. Aonyeshwe ndugu wanaotembea naye, na apokezwe mzigo kidogo. Siku ipo ambapo watoto wa Mungu wataufika ufuo na kubwaga moyo kwa maana ile njema, wakiwa wamefika.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya ndoto inayotafuta kuinamiwa na ndoto inayotafuta kulisha? Je, mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili kwa wakati mmoja, kama ilivyoelekea kuwa kwa Yusufu akiwa na miaka kumi na saba?

2. Wazazi wengine humchagulia mtoto ndoto: awe daktari, awe mwanasheria. Mfano wa Yakobo unawafundisha nini? Mtoto anayetaka kusomea ngoma au uvuvi apewe sikio gani?

3. Mwalimu wa darasa: waombe vijana, kabla ya watu wazima kusema, kila mmoja ataje jambo moja analoliota kwa ajili yake na moja kwa ajili ya dunia. Yaandikeni. Kisha darasa lichague moja ambalo linaweza kulisaidia kabla ya robo hii kwisha, na litaje nani atafanya nini.