Mlango wa Maskini

Je, mtu akimpa mwenzake makao mema kwa kodi nafuu, lakini akamwekea mlango wa kando ili asipitane na matajiri, amemtendea wema au amemdharau? Swali hili si la kubuni. Liliulizwa katika mji wa New York, Marekani, na yafaa tulitafakari, maana lamhusu kila mtu awezaye kumsaidia mwingine.

Katika miji mikubwa kodi za nyumba zimepanda sana, hata wale wauguzao wagonjwa na kufagia njia hawawezi kukaa karibu na kazi zao. Kwa hiyo wakuu wa New York hupatana na wajenzi hivi: mjenzi akitia katika jengo lake makao kadha ya kodi nafuu, huruhusiwa kujenga zaidi ya kipimo cha kawaida, au hupunguziwa kodi ya serikali. Mwaka 2014 jengo moja la namna hii, lenye orofa 33, lilikubaliwa karibu na mto Hudson. Makao 219 yalikuwa ya kuuzwa kwa wenye mali, nayo yalielekea mto. Makao 55 yalikuwa ya kupangishwa kwa watu wa mapato madogo, nayo yalielekea barabara. Tena yaliwekewa mlango wake mbali. Watu wakauita “mlango wa maskini”, wakakasirika sana. Hata hivyo, mwaka 2015 yalipoitishwa maombi, yalifika zaidi ya 88,000 kwa ajili ya makao yale 55. Habari za mlango zilikuwa zimekwisha kuenea, lakini watu waliomba.

Tuwasikie kwanza wautetelao mlango ule. Wasema: chumba kimoja kilipangishwa kwa dola 833 kwa mwezi, katika mtaa ambapo wengine hulipa maelfu, apataye neema hiyo atajali mlango gani? Tena ukumbi wa fahari, walinzi na bwawa la kuogelea vina gharama. Maskini akishiriki vyote, itampasa kuvilipia. Na mjenzi akibanwa mno hatajenga, na maskini atabaki nje. Hoja hizi tusizipuuze. Wako watu wasemao sana juu ya heshima ya maskini, lakini nyumba zake zikitaka kujengwa mtaani mwao, wao ndio wa kwanza kuzizuia. Hao hawana haki ya kumlaumu mjenzi.

Lakini tupambanue. Bwawa ni starehe. Aliyelilipia na aogelee, wala asiyelipa hakudhulumiwa. Mlango si starehe. Mlangoni ndipo majirani waonanapo na kuamkiana, na kila mmoja hujua kwamba mwenzake yupo. Kumnyima mtu bwawa ni jambo la hesabu. Kumficha asionekane ni kumwambia kwamba kuonekana kwake ni aibu.

Sisi tuna neno la jambo hili: masimango. Mtu akikupa chakula, kisha kila siku akikukumbusha kwamba ulikula chake, chakula kile hugeuka uchungu kinywani. Mlango ule ni simango la matofali. Halisemi kitu, lakini kila jioni mpangaji arudipo kazini humkumbusha. Mtume Yakobo aliwaonya wale waliompa tajiri kiti chema na kumwacha maskini asimame. Naye maskini yule alikuwa amekwisha kuingia ndani.

Basi wale wa maombi 88,000 walikosa? Sivyo. Mwenye watoto na asiye na dari hana budi kupita mlango aliofunguliwa, wala hapunguki utu. Lakini kukubali kwake hakumwondolei lawama aliyeufanya. Shida ya mtu yaweza kumfanya apokee chochote. Kwa sababu hiyo hasa, mtoaji apaswa kuangalia sana jinsi atoavyo.

Mwaka ule ule wa 2015 sheria ilikataza milango ya kutenga kwa majengo yapatayo msamaha wa kodi mjini New York. Hata hivyo jambo lenyewe halikufa. Mwaka 2019 katika mtaa wa Lambeth, London, ilionekana kwamba watoto wa wapangaji wa kodi nafuu walizuiwa wasiingie katika uwanja wa michezo wa jengo lao, mpaka magazeti yalipolitangaza na kizuizi kikaondolewa.

Sheria yaweza kufanya mlango uwe mmoja; haiwezi kuamuru salamu. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mwenye nyumba na wapangaji hupita mlango mmoja, na ua ni wa wote. Hata hivyo mwenye nyumba aweza kumsimanga mpangaji pale pale uani. Kwa hiyo ndugu, wajengao na wajenge, na kodi ziwe nafuu, na mlango uwe mmoja. Na sisi tusiojenga majumba ya orofa tujiulize: yule tunayemsaidia, je, twapenda aonekane pamoja nasi?