Kilo Zimegoma Kushuka

Somo la juma: 1 Wafalme 19:1–8

Yapo maombi ambayo waumini huyaleta mbele ya kanisa zima: ugonjwa, ada ya shule, safari, kesi ya shamba. Na lipo ombi ambalo huletwa pembeni, watu wakishatawanyika, mwombaji akitazama chini. "Mchungaji, mimi mazoezi nafanya. Natembea, naruka kamba, Jumamosi nakimbia na wenzangu. Mwanzoni nilipungua vizuri tu. Sasa hivi kilo zimegoma." Kisha linafuata swali lililomleta hasa: je, kuna jambo ndani yangu ambalo Mungu hapendezwi nalo?

Swali hilo nalijibu kwanza kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hapana. Anayeuliza hivyo amefundishwa na sisi wenyewe, maana tumeuzoea mchezo wa kuusoma mwili wa mwenzetu kama ushuhuda. Dada akinenepa tunamwambia ndoa imemkubali. Akikonda tunanong'ona kama nyumbani kuna amani. Wengine wameambiwa yote mawili ndani ya mwaka mmoja, na midomo ile ile.

Kwa nini basi kilo zinagoma? Chukua mtu aliyeanza na kilo 95, akafika 84. Njia anayotembea ni ile ile, lakini mzigo anaoubeba umepungua, kwa hiyo nguvu anayotumia imepungua pia. Sahani iliyompunguza mwanzoni sasa inamtosha kubaki alipo. Juu ya hapo mwili wenyewe hubana matumizi. Njaa huongezeka, na mchana mtu hukaa kitini muda mrefu kuliko zamani bila kujua. Mwili hauna habari na gauni la harusi ya mdogo wako. Unachojua ni kwamba akiba inapungua, na kazi uliyopewa na Muumba ni kukuvusha salama wakati wa njaa.

Mwaka 1944 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aitwaye Ancel Keys, alitafuta vijana watakaokubali kushindishwa njaa kwa hiari, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya ambao vita ilikuwa imewaacha mifupa mitupu. Walioingia katika jaribio walikuwa 36. Wote walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao, na wengi walitoka katika makanisa yanayofundisha amani, kama Waquaker na Wamenonaiti. Kwa wiki 24 walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida, na kila wiki walitakiwa kutembea kilomita 35. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini tazama miili ilivyojitetea: nguvu inayotumiwa na mwili uliotulia ilishuka kwa karibu asilimia 40, mapigo ya moyo yakapungua, wakaona baridi hata katika miezi ya joto. Vijana ambao hawakuwahi kujali jikoni walianza kusoma vitabu vya mapishi kwa hamu. Sidhani kama yuko mtu atakayesema hawakuwa na nidhamu, au kwamba imani yao ilikuwa haba.

Ushahidi mwingine uko kwetu Tanzania. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi bado wapo wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali; wanaume wao hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa siku nzima, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hatumii nguvu nyingi kuliko mtu wa Marekani anayeshinda ofisini. Mwili unaotembea sana hupunguza matumizi mahali pengine. Ndiyo maana kuongeza raundi mbili za uwanja, peke yake, mara nyingi hakuitikisi mizani.

Hapa wahubiri wengi wangekimbilia Yeriko: zunguka mara ya saba, piga kelele, ukuta uanguke. Mimi naona somo letu ni Eliya. Huyu ni nabii aliyekimbia kweli, maana baada ya Karmeli alitangulia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Sura inayofuata tunamkuta jangwani chini ya mretemu, amechoka, anaomba afe, na sababu anayoitoa ni kwamba yeye si bora kuliko baba zake. Hata nabii alikuwa amejipima kwa wengine! Malaika hakumjibu neno juu ya hao baba. Hakumkemea, hakumwambia aongeze bidii. Alimwacha alale, akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akalala tena, akalishwa tena. Mwendo wa siku arobaini kwenda Horebu ulianza baada ya hayo.

Nasema hivi kwa sababu najua wapo waliosikia kilo zimegoma wakaamua kuziadhibu kwa mfungo mkavu wa siku tatu. Ndugu zangu, tusichanganye mambo. Mfungo ni wa kumtafuta Mungu. Kama unachotafuta ni kiuno, hiyo ni lishe, iite lishe, na upange vizuri. Anayejinyima kabisa kwa siku tatu hupoteza maji na kuidhoofisha misuli, kisha siku ya nne hula kwa hasira. Mwenye sukari au anayetumia dawa za presha anaweza kuanguka kabisa, na tutakayemwita hapo ni daktari.

Mengine ni ya kawaida mno, na pengine ndiyo maana hatuyapendi. Kutembea kuendelee, maana kunausaidia moyo, presha na usingizi hata mizani isiposogea, na kunasaidia kilo zilizotoka zisirudi. Liongezwe zoezi la nguvu mara mbili au tatu kwa wiki, hata kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na ndoo ya maji, ili misuli ibaki. Kwenye sahani maharage, dagaa au mayai yapate nafasi, na mlima wa ugali ushuke kidogo. Vinywaji navyo vitazamwe. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30, yaani vijiko saba hivi vya chai, na inaweza kurudisha karibu yote uliyoyatumia kwa nusu saa ya kutembea haraka. Lala mapema, mikesha ya kila wiki ina gharama yake mwilini, na hili nawaambia hata viongozi wa maombi. Pima kiuno kwa utepe, kwa sababu mara nyingine kiuno hupungua kilo zikiwa zimesimama. Na kama umefanya yote haya kwa miezi na hakuna kinachobadilika, nenda hospitali: tezi ya shingo ikilegea, au baadhi ya dawa, huweza kuuzuia uzito kushuka.

Kundi la Jumamosi liendelee kukutana saa kumi na mbili asubuhi uwanjani kwetu. Muuguzi wa kanisa atakuwepo na kipimo cha presha. Akina mama wa jikoni nimeshawaomba chai ya baada ya mazoezi ije bila sukari, kikopo kiwekwe pembeni, kila mtu ajitilie mwenyewe. Wamecheka, lakini wamekubali. Kuhusu maandazi bado tunajadiliana.