Mungu Akinyamaza, Nani Azungumze?

Kichanga kikifia leba, hazipiti dakika tano kabla hajatokea mtu wa kumweleza mama kwa nini. Mungu alimpenda zaidi. Ndiyo mapenzi yake. Wewe bado kijana, utapata mwingine. Mimi ni mkunga mstaafu, na maneno hayo nimeyasikia kwa mama wakwe, kwa wachungaji, na kwa sisi wauguzi wenyewe tunapotaka kitanda kiachwe wazi. Hayasemwi kwa ubaya. Ila nimeziangalia nyuso za wanaoambiwa, na sikumbuki hata mmoja aliyetulizwa na maelezo.

Basi watu wakiniuliza kwa nini mwanamke wa Bukoba, Mlutheri wa kuzaliwa, anamaliza bando kwa filamu za Kizungu za zamani, nyingine hazina hata rangi, jibu langu linaanzia hapo. Zipo filamu chache za Ulaya ambazo ndani yake Mungu ananyamaza, na aliyezitengeneza hakujitwika kazi ya kumsemea. Nawapendekezea wote waliowahi kuomba wasijibiwe, yaani kila mtu anayesali.

Ya kwanza ni Nattvardsgästerna ya Ingmar Bergman, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Winter Light. Ilitoka mwaka 1963 huko Sweden, nayo haifiki hata saa moja na nusu. Mchungaji Tomas ana mafua. Nayataja mafua kwanza kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nimwamini: anakohoa, ana homa, na bado ana ibada mbili Jumapili hiyo katika makanisa mawili tofauti. Kwenye ibada ya kwanza wanaokuja Meza ya Bwana ni wachache mno. Baada ya ibada anafuatwa na mvuvi, Jonas, aliyeletwa na mkewe mjamzito. Jonas amesoma gazetini kwamba Wachina watapata bomu la atomiki, na tangu hapo hofu imemkaba hata haoni sababu ya kuendelea kuishi. Anaporudi peke yake, Tomas anaanza kumweleza habari zake mwenyewe: mke wake aliyefariki, Mungu aliyekuwa akimwamini zamani, jinsi Mungu huyo alivyomgeukia kuwa kitu cha kutisha. Jonas anasikiliza, anaondoka, anajipiga risasi kando ya mto.

Ni rahisi kusema Tomas alishindwa kwa kuwa imani ilimwisha. Mimi, niliyekaa zamu nyingi za usiku, naona kosa lake liko kwingine: alizungumza. Mtu amekuja na hofu yake, naye akaifunika kwa ya kwake. Angemshika mkono wakakaa pale mpaka kiza kiingie, labda Jonas angekufa vilevile, sijui. Lakini asingekufa akiwa amehubiriwa.

Sasa mwangalie Frövik, mtunza kanisa wa kanisa la pili. Ni mzee mwenye kibiongo aliyefanya kazi reli, na mwili unamuuma kila siku. Anasoma habari za mateso ya Yesu ili apate usingizi. Anamwambia Tomas kwamba, kwa anavyoona yeye, tunakuza mno maumivu ya mwili pale msalabani. Yale yalikuwa ya saa chache, na yeye Frövik ameyapata ya kutosha kulinganisha. Lililokuwa baya zaidi, anasema, ni wanafunzi kulala usiku ule, kisha kukimbia, kisha mwishoni kabisa kumwita Baba na Baba asiitike. Tomas anakubali kwa neno moja tu. Kwa maoni yangu ndiyo mara ya kwanza katika filamu nzima anakuwa mchungaji. Kisha anaingia kanisani, ambako hakuna muumini. Yupo mpiga kinanda, na Märta, mwalimu anayempenda Tomas na asiyemwamini Mungu. Kengele imekwisha kupigwa. Anaweza kurudi nyumbani alale. Anaanza ibada.

Nilijua amefikia wapi kabla sijasoma tafsiri chini ya picha, kwa sababu ni liturujia yetu. Filamu hii ilipotoka, askofu wa Walutheri wa Bukoba alikuwa Msweden, Bengt Sundkler, mtu wa Chuo Kikuu cha Uppsala. Mwaka uliofuata nafasi yake ikashikwa na Josiah Kibira. Bergman naye alizaliwa Uppsala, baba yake mchungaji wa Kilutheri. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo wazazi wetu walikuwa wakijaza makanisa, mtoto wa mchungaji kule ilikotoka misioni alikuwa akipiga picha ya kanisa tupu. Wapo wanaolitaja hilo kwa kejeli, kwamba Wazungu walituletea kitu kisha wao wakakiacha. Mimi silioni hivyo. Mtu aliyeacha hahangaiki na swali hili filamu baada ya filamu.

Lakini niwatahadharishe. Sisi tumelelewa na vibanda umiza. Muvi ya kigeni kwetu ina DJ wa kuisimulia, na tangu enzi za Lufufu kazi ya DJ ni kuhakikisha hakuna sekunde inayopita kimya: mtu akitembea tu, tunaambiwa anakwenda wapi, amekula nini na mama mkwe wake anamsemaje. Nampenda Lufufu, sitanii. Ila jaribu kumwazia amepewa ile sehemu ya barua ya Märta, ambapo uso wa mwanamke mmoja unatutazama kwa dakika kadhaa akisema aliyoyaandika, kamera imetulia tuli. Na mimbarani tumo mlemle. Mungu akinyamaza kidogo, tunashika kipaza sauti.

Biblia yenyewe ilishalisema hili, ingawa mahubiri mengi ya msibani huliruka. Rafiki za Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Kisha wakafungua midomo, na walichosema karibu chote ni theolojia safi ambayo ningeweza kuisikia Jumapili yoyote. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao. Ayubu aliyekuwa akimlalamikia Mungu usoni ndiye anayeambiwa amesema sawa, na wao wanatakiwa wamwombe awaombee. Zile siku saba ndizo pekee ambazo hawakukosea.

Kutoka Poland kuna Dekalog ya Krzysztof Kieślowski, tamthilia ya sehemu kumi, kila moja kama saa moja, aliyoiandika pamoja na mwanasheria Krzysztof Piesiewicz mwishoni mwa miaka ya 1980. Sehemu zote zinahusu watu wa maghorofa yaleyale ya Warsaw, kila moja na amri yake. Si lazima uzimalize zote, ingawa ya tano, kuhusu kuua, itakukaa kooni: inaonyesha kijana akiua, kisha dola ikimuua kijana, na haituruhusu kugeuza uso mara zote mbili. Mimi nang'ang'ania ya kwanza. Baba ni mhadhiri, anaishi na mwanawe Paweł, na nyumbani wana kompyuta. Mtoto anataka kuteleza kwenye ziwa lililoganda. Baba anapiga hesabu ya baridi ya siku zilizopita, na kompyuta inasema barafu inaweza kubeba mtu mzito mara tatu ya Paweł. Baba hatosheki, usiku anakwenda mwenyewe kuikanyaga. Amefanya kila kitu ambacho mzazi mwenye akili angefanya. Kesho yake wino unamwagika mezani, unasambaa juu ya karatasi zake, na nje king'ora kinapita.

Walokole wa mtaani kwangu wakiiangalia wanasema: ameabudu kompyuta, ameadhibiwa. Kieślowski hasemi hivyo. Kando ya lile ziwa ameketi mwanamume anaota moto, haongei, na analia. Huyo mtu anarudi karibu katika kila sehemu ya tamthilia, anatazama tu, hazuii kitu. Ni malaika? Ni Mungu? Hatuambiwi. Baba anakwenda kanisani, kanisa ambalo bado linajengwa, anaiangusha altare, na nta ya mshumaa inadondokea shavu la picha ya Bikira Maria kama chozi. Hatuambiwi kama ni muujiza au ni nta. Nimewaona akina baba wakipiga ukuta ngumi kwenye korido ya hospitali, na ningependa wachungaji wote waione ile altare ikianguka kabla hawajamwambia mtu kwamba kumkasirikia Mungu ni dhambi.

Wanaotaka kitu chenye watu wa siku zetu watafute Des hommes et des dieux, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2010, kuhusu watawa wa Tibhirine, Algeria, waliotekwa na kuuawa mwaka 1996. Humo yumo Luc, bradha mzee ambaye ni daktari, anatibu wanavijiji Waislamu na kugawa viatu. Watawa wanapojadili kama waondoke, mmoja anasema wao ni kama ndege tawini, na mwanamke wa kijijini anamrekebisha: ndege ni sisi, tawi ni nyinyi. Wanabaki. Nao wanasali hawaambiwi kitu. Ipo pia sizoni ya Kidenmark, Herrens Veje, ya ukoo wa wachungaji, ambayo ilimpatia Lars Mikkelsen tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2018. Anaigiza vizuri sana, lakini sizoni inataka kutupa kila kitu: vita, pombe, uzinzi, uaskofu, mizimu. Itazameni mkiwa na muda.

Nimeiweka mwisho Ordet ya Carl Theodor Dreyer, Denmark, 1955, kwa sababu ni kama inanipinga. Inatokana na tamthilia ya jukwaani ya Kaj Munk, mchungaji aliyeuawa na Gestapo Januari 1944. Inger, mama wa wasichana wawili, anajifungua na mambo yanaharibika. Hatuoni kitu, tunasikia. Daktari inabidi amtoe mtoto ili amwokoe mama, na mume, Mikkel, anamwambia baba yake kwamba yule mvulana waliyekuwa wakimngoja yupo ndani ya ndoo, vipande vinne. Wakunga wa zamani wanaijua kazi hiyo, na hawaisimulii. Kisha Inger naye anafariki. Kila mtu ana maelezo yake: daktari, mchungaji mpya, baba mkwe. Shemeji yake Johannes, aliyepotewa na akili akajiona ndiye Kristo, anarudi akiwa na akili timamu. Binti wa marehemu anamshika mkono na kumhimiza afanye haraka. Inger anafumbua macho jenezani.

Mpwa wangu, mlokole, aliruka na kupiga haleluya. Nikamwacha ashangilie mpaka amalize, ndipo nikamwuliza: na mtoto? Kwa sababu mtoto hakufufuka. Katikati ya muujiza mkubwa kuliko yote sinema iliyo nao, Dreyer ameuacha ukimya mmoja palepale ulipokuwa. Na Inger, kama mama yeyote, jambo analotaka kujua ni hilohilo: je, yu hai? Mikkel, ambaye filamu nzima hakuwa na imani, anamjibu kwamba anaishi, kwa Mungu.

Ndiyo, ni sentensi ileile ya leba. Kwa nini basi haikunikera? Nimeifikiria sana. Safari hii mama ndiye aliyeuliza, hakuelezwa kabla hajafumbua kinywa. Na aliyemjibu alikuwa bado analia, amemkumbatia mkewe kwa nguvu zake zote, hana la kutetea, wala dini haikuwa kazi yake. Sipingi maneno. Napinga maneno yanayowahi.

Nilimwazima mchungaji wa usharika wetu ile ya Bergman kwenye flashi, nikimwomba tuionyeshe kwa projekta ya kanisa. Alikaa nayo muda. Akairudisha akasema, "Mama, kwa vijana haifai. Yule mvuvi kujiua, wataondoka na maswali." Nikamwambia, "Mchungaji, wanakuja nayo." Tumekubaliana ianzie kwa wazee wa kanisa na akina mama, baada ya ibada ya pili. Sharti lake ni kwamba atoe maelezo nusu saa kabla na nusu saa baada. Ya kabla nimemkubalia. Ya baada bado tunavutana.