Pengo Aliloacha Mozart

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, sikumwambia mjomba. Yeye ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Alituma pesa miezi minne zaidi, kisha akasikia kwa watu. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa unafuata nini?" Nikakosa jibu.

Swali hilo lilinirudia usiku mmoja nikisikiliza, kwa simu, konseto ya piano namba 20 ya Mozart. Aliipiga mwenyewe Vienna mwaka 1785. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza okestra hunyamaza, mpiga piano akabaki peke yake. Pengo hilo huitwa kadenza. Mozart alikuwa hodari wa kubuni papo hapo, na kwa konseto hii hakuna kadenza yake iliyotufikia. Beethoven aliandika zake baadaye, na leo wapiga piano wengi hukariri hizo.

Je, huo ndio uaminifu? Wengine watasema afadhali Beethoven kuliko mbwembwe za mtu wa juzi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini pengo nalo ni agizo: sema kitu chako. Anayekariri anamheshimu Mozart, ila anakwepa kazi aliyoachiwa. Robert Levin, mpiga piano wa Marekani, haikwepi. Hubuni kadenza jukwaani, na akikosea, anakosea mbele ya watu.

Mwanzoni nilimfanya Levin wakili wangu. Si mnaona? Hata yeye ameacha karatasi! Kumbe nilimwelewa vibaya. Amesoma muziki wa Mozart miaka na miaka, na anachobuni hukijenga kwa sauti ambazo tumeshazisikia ndani ya kipande hichohicho. Halafu, kwa desturi, kadenza huishia kwa noti mbili zinazopokezana haraka. Hiyo ni ishara kwa okestra: narudi, jiandaeni. Muda wote huo wenzake wamekaa kimya na fidla zao, wanangoja.

Kwa hiyo naamini kubuni ni haki, hata mbele ya kazi ya marehemu mkubwa kama huyo. Ila haki hiyo haifuti deni kwa wanaokungoja. Sijutii kuacha chuo. Kuandika ndiko kunakonilisha, japo kwa shida. Ninachojutia ni ile miezi minne. Mjomba alikuwa ameketi akingoja ishara, nami nikaendelea kupiga kama vile ukumbi ni mtupu.

Jumapili nitampigia. Sijapanga nitasema nini.