Nani Ashuhudie Usafi wa Jiko?

Mtu aingiapo hotelini kwa ajili ya kula, hukaa mahali pamoja, na chakula chake hupikwa mahali pengine. Baina ya hapo na hapo pana ukuta, na aghalabu pana mlango wenye pazia. Akiisha kula, huhesabu chenji yake mara mbili mbele ya mwenye kaunta asije akapunjwa shilingi moja. Lakini wali amekwisha umeza bila ya kumwuliza yeyote kama mpishi alinawa mikono. Ni ajabu kwamba binadamu huwa mwangalifu sana katika senti zake, na katika uhai wake humwamini mtu asiyemjua hata kwa jina.

Swali tunalotaka kulichunguza hapa ni hili: imani hiyo ya mlaji imesimama juu ya nini, na ni nani mwenye wajibu wa kushuhudia kwamba haikuwekwa mahali pasipostahili?

Wenzetu wa Marekani wamejaribu kulijibu swali hili kwa herufi. Katika mwaka 1997 kituo kimoja cha televisheni cha Los Angeles kilionyesha picha zilizopigwa kwa siri ndani ya majiko ya hoteli za huko, na watu walighadhibika sana kuona mambo waliyokuwa wakilishwa. Mwaka uliofuata, 1998, serikali ya eneo hilo ikaanza utaratibu wa kubandika matokeo ya ukaguzi dirishani, mahali ambapo kila apitaye huyaona. Jiko lililopata alama 90 hadi 100 lilipewa herufi A, 80 hadi 89 lilipewa B, na 70 hadi 79 likapewa C. Wachumi wawili, Ginger Zhe Jin na Phillip Leslie, waliichunguza habari hiyo, na mwaka 2003 wakaandika kwamba alama za usafi zilipanda, kwamba walaji walianza kuchagua hoteli kwa kuangalia usafi wake, na kwamba watu waliolazwa hospitali kwa maradhi yatokanayo na chakula walipungua.

Mji wa New York ulifuata Julai 2010, ila kule hesabu imegeuzwa: alama ni makosa, na aliye na chache ndiye bora. Makosa 0 hadi 13 ni A. 14 hadi 27 ni B. 28 na zaidi ni C. Hatari kubwa kama kuacha chakula katika joto lisilofaa huhesabiwa alama 7 au zaidi. Kumpa mtu kachumbari isiyooshwa vema ni 5 au zaidi. Na makosa madogo huanzia 2. Waingereza nao tangu 2010 wana kibandiko chenye tarakimu kutoka 0 hadi 5. Katika Wales sheria imewalazimisha wenye hoteli kukionyesha tangu 2013, lakini katika England yenyewe mwenye hoteli hakulazimishwa, na msomaji anaweza kukisia mwenyewe ni wenye alama zipi wasioona haja ya kukibandika.

Sasa tutazame moyo wa mlaji anayesimama mbele ya dirisha hilo. Aonapo A, hufarijika, na tangu hapo hafikiri tena. Aonapo B, tumbo lake humchafuka, hata kama jana alikula hapo hapo akasifu mapishi. Jiko la leo ni lile lile la jana. Kilichobadilika ni karatasi. Na jiko lenye makosa 13 na jirani yake mwenye 14 wanapitana kwa alama moja tu, lakini katika moyo wa mlaji mmoja ni safi na wa pili ni najisi.

Isitoshe, kinyaa chetu si mizani ya hatari. Unywele mmoja katika mchuzi humwinua mtu kitini kwa hasira, na huenda usimdhuru kitu. Lakini wali uliopikwa asubuhi ukaachwa sufurianina kwa uvuguvugu hadi jioni haumchukizi mtu. Hauna harufu wala rangi mbaya. Kumbe ndani yake vimo vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka, na sumu vinayoitoa haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Mlaji humkasirikia mpishi wa unywele na kumshukuru mpishi wa wali.

Herufi zenyewe zina udhaifu wake. Mkaguzi huja siku moja, na jiko hufanya kazi mamia ya siku. Katika New York hoteli isiyopata A katika ukaguzi wa kwanza haibandiki herufi siku hiyo, bali hupewa nafasi ya kukaguliwa tena. Na ikishindwa mara ya pili huweza kubandika kadi ya kusema kwamba alama yake bado inangojewa, mpaka shauri lisikilizwe. Mwanasheria Daniel Ho wa Chuo Kikuu cha Stanford alizichunguza kumbukumbu hizo, akaandika mwaka 2012 kwamba alama za ukaguzi mmoja hazikuonyesha sana zitakavyokuwa alama za ukaguzi ufuatao. Katika San Diego alikuta karibu kila hoteli ina A. Herufi ambayo kila mtu anayo haimwambii msomaji wake kitu.

Mtu anaweza kusema: Basi herufi hizi ni upuuzi, na usafi unaofanywa kwa kumwogopa mkaguzi si usafi bali ni unafiki, afadhali tungoje watu wawe na uchamungu. Hoja hii huvutia masikio, hasa ya watu wa dini, lakini haina nguvu. Mtoto anywaye chai katika kikombe kilichooshwa vema hafungwi na nia ya aliyekiosha. Usafi wa kumwogopa Bwana Afya humfaa mlaji, hata kama haumpatii mpishi thawabu yoyote mbele ya Mola wake. Nia ni hesabu baina ya mpishi na Muumba wake. Kikombe ni haki ya mnywaji, na mwenye haki halazimiki kungoja mpaka mwenzake atengenee moyo.

Wala ukaguzi si bidaa ya watu wa Magharibi. Habari imepokewa kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Alipomwuliza muuzaji, akajibu kwamba ni mvua. Mtume s.a.w. hakumwambia aitupe nafaka ile. Alimwuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, kisha akamkana kila mwenye kudanganya. Tuangalie vizuri jambo lililotakiwa hapo: ya chini yaletwe juu. Herufi ya dirishani, pamoja na upungufu wake wote, ni jaribio la kuuleta unyevu juu. Na baadaye miji ya Kiislamu iliweka afisa wa soko aliyeitwa muhtasibu. Katika kitabu cha kazi hiyo alichoandika ash-Shayzari huko Shamu katika karne ya 12, wapishi wanaamriwa kufunika vyombo vyao visiingiwe na nzi na wadudu.

(Hapa nataka kusema neno pembeni. Miongoni mwetu wapo wanaouliza kwa bidii kama nyama ni ya halali na nani aliyechinja, na ni vema kuuliza. Lakini Kurani Tukufu imeutaja uhalali wa chakula pamoja na uzuri wake, na sijapata kumsikia mtu akiuliza kisu kilioshwa lini.)

Hata hivyo liko jambo ambalo hakuna mkaguzi awezaye kulileta juu. Katika kiangazi cha 1906, katika nyumba moja ya Oyster Bay karibu na New York, watu 6 kati ya 11 waliugua homa ya matumbo. Mchunguzi mmoja, George Soper, alifuatilia nyumba alizopata kufanya kazi mpishi wao, mwanamke wa Ireland jina lake Mary Mallon, akakuta ugonjwa ulimfuata karibu kila alikokwenda. Mwenyewe alikuwa mzima, mwenye nguvu, mpishi hodari aliyesifiwa. Ugonjwa ulikaa ndani yake bila ya kumsumbua. Kama mkaguzi angaliingia jikoni mwake na karatasi ya leo, nadhani angalimpa A.

Alizuiwa kisiwani mwaka 1907, na mwaka 1910 akaachiwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Kazi aliyopewa badala yake ilikuwa ya kufua nguo, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mpishi. Mwaka 1915 homa ilizuka katika hospitali moja ya wazazi mjini New York. Watu 25 waliugua na 2 wakafa. Ikagunduliwa kwamba mpishi alikuwa Mary Mallon, amebadili jina. Alirudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1938.

Wengi humtaja kwa kumlaani. Mimi siwezi kumlaani kwa ya 1906, maana hakujua. Na hata kwa ya 1915 namwonea huruma kwa umaskini wake, na kwa kuwa hakupata kuamini kwamba mtu mwenye afya anaweza kuua. Lakini lipo jambo moja nisiloweza kumtetea nalo: alibadili jina. Mtu asiyeamini kabisa kwamba ana hatari hana sababu ya kujificha, isipokuwa amejua kwamba wengine wakijua watakataa kula kwake. Yaani aliwanyang'anya walaji haki ya kukataa. Walioketi mezani waliendelea kuamini, naye peke yake ndiye aliyejua imani ile ilikuwa imewekwa juu ya nini.

Basi tumefika penye shina la swali letu. Mkaguzi ni shahidi wa siku moja. Mlaji si shahidi, kwa sababu haoni. Na tukisema kweli, mara nyingi hataki kuona. Siku nyingine zote za mwaka mashahidi ni wale walio nyuma ya pazia: mpishi, mchoma chapati, mwosha vyombo. Hao ndio wanaojua. Na ushahidi, katika dini yetu, ukiombwa haufichwi.

Siandiki haya kama mtu aliyesimama nje. Mwaka 1983 nilikuwa kijana mwosha vyombo katika hoteli moja ndogo ya mji wa bara, ambayo sitaitaja. Wakati ule sabuni ilikuwa adimu katika nchi yetu, na wote waliokuwapo wanakumbuka. Nyuma ya jiko tulikuwa na ndoo mbili, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia, na maji yake yalibadilishwa asubuhi na adhuhuri. Ikifika saa nne, maji ya ndoo ya pili yalikuwa na rangi ya chai. Bwana Afya alikuwa akija, lakini mwenye hoteli alipata habari siku moja kabla. Siku hiyo sabuni ilionekana, tambara jeusi la kufutia meza liliingia chini ya gunia la mkaa, nasi tukavaa makoti meupe. Akitoka, makoti yalikunjwa.

Palikuwa na mzee mmoja mstaafu aliyekuja kila asubuhi kunywa chai. Siku moja nilipokuwa nikimfutia meza, nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitika, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, huko nyuma mnaosha vizuri? Maana siku hizi naogopa tumbo.” Hakuniuliza mbele ya watu, wala kwa ugomvi. Aliniuliza mimi, kwa sababu alijua kwamba mimi ninajua.

Nilimjibu, “Vizuri kabisa, mzee.”

Nimejitetea kwa miaka mingi. Nilikuwa mdogo, nilihitaji kazi, sabuni haikuwa dukani, na mzee yule, kwa kadiri nilivyomwona, hakuugua. Nimezipima hoja hizi moja moja, na ile ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu nilipolitamka neno lile sikujua kama ataugua au hataugua. Nililolijua ni rangi ya maji.

Asubuhi iliyofuata alikuja amemshika mkono mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano hivi. Akamketisha, akaagiza chai mbili na maandazi, akanionyesha kwa kidole akimwambia mtoto, “Huyu kaka ndiye anayeosha vikombe.” Mtoto akaniamkia. Nikasema kikombe kimoja kina ufa, nikakichukua, nikaenda nacho nyuma ya pazia kukiosha upya. Ndoo zilikuwa mbili zile zile, na ilikuwa imekwisha fika saa nne.