PIGO LA PILI NI LA NANI?

Kijana unayeshika karatasi hii, usiitupe, na usiifungie karanga kabla hujaimaliza. Nina swali moja kwako. Swali hili linaweza kukuepusha na gereza hapa duniani, na hukumu kule mbele tunakokwenda wote.

Swali ni hili: mtu amekuvamia, ukampiga, akaanguka chini. Pigo la kwanza lilikuwa la kujiokoa. Je, lile pigo la pili unaloongeza, ni la nani?

KUJIFUNZA KARATE SI DHAMBI

Vijana wengi wa Masasi na Newala wanapenda mambo ya karate. Wengine waliyaona kwenye banda la video, wengine wanayaona leo kwenye simu. Bruce Lee alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 32 tu, lakini mpaka leo kuna vijana wanaruka teke lake mchangani. Mwaka huo huo wa 1973, Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha karate ya Goju-Ryu pale Zanaki, Dar es Salaam. Wanafunzi wake wakafundisha wengine, nao wengine. Huenda na wewe umefundishwa na rafiki aliyetoka Dar.

Mimi sikuambii kwamba nguvu ni dhambi. Samsoni alikuwa na nguvu, na Daudi alikuwa hodari wa vita. Tena najua kwa nini unataka kujifunza. Ukifika msimu wa korosho, minada ikianza, pesa inaingia vijijini, na wezi nao wanaijua kalenda hiyo. Kijana wa bodaboda anatoka Masasi usiku anapandisha Newala, abiria amekaa nyuma yake, wala hajui moyo wa huyo abiria una nini. Binti anatoka alfajiri kufuata maji, njia ina giza. Hofu hizi ni za kweli. Mtu asikucheke.

Lakini sikiliza jambo hili. Yule mwalimu Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba katika karate hakuna kuanza kupiga. Umeona? Hata mwenye karate yake anaweka mpaka. Wewe umejifunza teke. Mpaka umejifunza?

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Hapa vijana wengi wanapotea, kwa sababu sheria wanaisikia vijiweni. Mmoja anasema, "Ukiguswa tu, una haki ya kumaliza mtu." Mwingine anasema, "Mwenye mkanda mweusi mikono yake inaandikishwa polisi kama silaha." Hadithi tupu hizo! Hakuna kifungu cha namna hiyo kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania.

Kanuni hiyo, Sura ya 16 ya sheria zetu, kuanzia kifungu cha 18, inasema wazi kwamba mtu anayo haki ya kujitetea. Anayo haki ya kumtetea mwenzake. Anayo haki ya kutetea mali. Hiyo haki ipo, Bwana asifiwe! Lakini inasema pia utumie nguvu ya kadiri, ile inayohitajika kwa kujitetea, basi. Ukizidisha, kwa kile ulichozidisha utashitakiwa. Na kama kwa kuzidisha huko mtu amekufa, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Hata kumvunja tu mtu au kumuumiza vibaya bila haki, kifungo chake kinafika miaka saba.

Tuchukue mfano. Kijana anarudi kutoka mnadani, mtu anamrukia na panga. Kijana anamkwepa, anampiga teke la goti, panga linadondoka, mtu anaanguka. Mpaka hapo anajiokoa roho yake, na sheria inamwelewa. Hata kama pigo lile lingekuwa zito sana, panga lilikuwa juu ya kichwa chake. Sasa yule mtu yuko chini, panga liko mbali, anashika goti analia. Kijana anamfuata, anamkanyaga shingo.

Unaona kilichobadilika? Mtu ni yule yule. Mahali ni pale pale. Saa haijapita hata dakika moja. Lakini hatari imekwisha, na hatari ikiisha, kujitetea nako kumekwisha. Pigo linalofuata lina jina lingine. Linaitwa kisasi.

Tena wewe uliyejifunza una mzigo mkubwa kuliko yule asiyejua. Umefundishwa kwamba koo ni mahali pa kuua. Ukipiga pale, utasimamaje mbele ya hakimu useme, "Sikujua"? Na mtu akiua huku akijua pigo lake linaweza kuua, na hana haki ya kujitetea, mlango wa kesi ya mauaji umeshafunguka. Adhabu ya mauaji katika nchi yetu ni kunyongwa.

Na lile la "Mwizi! Mwizi!" je? Watu wamemzunguka mtu stendi, wamemkamata, amefungwa kamba, halafu wanakuita: "Njoo wewe mtu wa karate, mwonyeshe!" Mdogo wangu, hapo hujitetei. Huyo amefungwa, anakutishia na nini? Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, kisha amfikishe polisi bila kuchelewa. Kumkamata, ndiyo. Kumuua, hapana. Na siku ya kesi, wale waliokuwa wanakushangilia hutawaona. Utasimama kizimbani peke yako.

MUSA ALILIANDIKA ZAMANI

Unaweza kudhani mpaka huu waliuleta wazungu na mahakama zao. Soma Kutoka sura ya 22, mstari wa 2 na wa 3. Torati ya Musa inasema mwizi akikutwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likishamchomozea, aliyempiga ana hatia.

Mwizi ni yule yule! Kwa nini usiku hapana na mchana ndiyo? Kwa sababu gizani huoni. Hujui ana kisu au ana mikono mitupu, hujui amefuata mbuzi au amefuata roho yako. Mchana unaona. Unaweza kuita majirani, unaweza kumtambua, unaweza kumpeleka kwa wazee. Mungu anaiona hofu yako na anaihesabu. Lakini jua likitoka, Mungu anataka na wewe uone. Anataka uone kwamba hata mwizi ana damu, na damu hiyo ina Mwenyewe.

REFA WAKO YUKO WAPI?

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Wewe utasema, "Nimeelewa mtumishi, pigo la pili sitapiga." Ni rahisi kusema hivyo umekaa chini ya mkorosho, tumbo limeshiba.

Mazoezi ya karate yanafundisha mkono uende bila kungoja kichwa. Unarudia pigo mara mia, mara elfu, mpaka linatoka lenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake. Na kwenye dojo kuna mwalimu, akisema acha, mnaacha, mnainamiana, mnakwenda nyumbani. Lakini barabarani usiku mwalimu hayupo. Refa hayupo. Damu inachemka, masikio yanavuma, na yule aliyekutia hofu sasa yuko miguuni pako. Nani atakuambia acha?

Jandoni tulifundishwa kuvumilia maumivu na kuheshimu wakubwa. Mafundisho hayo ni mazuri. Lakini wangapi wamepita jandoni na bado hasira inawatawala kama mtoto? Polisi naye hawezi kukaa ndani ya kifua chako. Hakimu anakuja baadaye, wakati mtu ameshalala mochwari. Sheria inauangalia mkono baada ya kupiga. Anatakiwa mmoja wa kuushika moyo KABLA ya kupiga.

Mungu alimwonya Kaini kabla hajamuua ndugu yake, Mwanzo 4:7. Alimwambia dhambi imemvizia mlangoni, na yeye inampasa aishinde. Kaini hakushindwa ngumi. Kaini alikuwa na nguvu za kutosha za kumuua Habili. Alishindwa na kitu kilichokuwa mlangoni mwake mwenyewe. Ndiyo maana Mithali 16:32 inamweka mtu anayeitawala roho yake juu ya shujaa anayeteka mji. Ukiweza kuwapiga watu watatu na usiweze kujizuia wewe mmoja, bwana, bado umepigwa.

"KWA HIYO YESU ANATAKA NIPIGWE TU?"

Najua unauliza hivyo, na ni swali zuri. Je, nikae naangalia dada yangu anabakwa, kwa sababu Yesu alisema habari za shavu la pili?

Hapana. Soma vizuri Mathayo 5:39. Yesu anataja kofi la shavu la kuume. Watu wengi wanapiga kwa mkono wa kulia, na kofi la namna hiyo linatoka kwa nyuma ya mkono. Hilo ni kofi la dharau. Mtu amekutukana mbele ya watu, amekushusha. Hapo Yesu anasema usilipize, beba aibu hiyo. Ni ngumu! Na vijana wangapi wamekufa kwa sababu ya tusi moja kilabuni, siyo kwa sababu ya jambazi?

Kumwokoa anayeonewa ni upendo. Paulo aliposikia watu zaidi ya arobaini wameapa kumuua, hakukaa kimya. Alimtuma mtoto wa dada yake kwa jemadari, akapewa askari mia mbili, wapanda farasi sabini na watu wa mikuki mia mbili (Matendo 23). Kutoa taarifa siyo uoga. Kukimbia siyo uoga. Ukifika nyumbani mzima na hakuna aliyekufa, umeshinda.

Lakini siku ile bustanini Petro alichomoa upanga, akamkata Malko sikio. Petro naye angesema alikuwa anamtetea Bwana wake. Yesu alimwambia aurudishe upanga mahali pake, kisha akaliponya sikio la adui. Muujiza wake wa mwisho kabla ya msalaba aliufanya kwa mtu aliyekuja kumkamata!

Na usidhani alikuwa mnyonge. Mathayo 26:53 inasema angeweza kumwomba Baba yake akampa zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Nguvu alikuwa nazo, akazishika. Hakuna mkanda mweusi duniani unaofika hapo. Pigo letu alilipokea yeye, mimi na wewe tusipigwe na hukumu ya Mungu.

UFANYE NINI LEO?

Fanya mazoezi yako kama unapenda. Lakini leo, kabla ya kuondoka kwenye mkutano huu, mpe Yesu moyo wako, ili Roho Mtakatifu awe refa ndani yako. Wagalatia 5 inahesabu kiasi kuwa tunda la Roho. Kiasi ndiyo nguvu ya kuacha. Tunda haliji kwa kuruka teke, linakuja kwa mti uliopandwa.

Kama kuna mtu unamvizia, samehe leo. Kama amekudhulumu, nenda kwa mtendaji, nenda polisi, nenda kwa wazee. Na wewe uliyekwisha kumuumiza mtu, ukakimbia, ukanyamaza: Mungu anakujua, na anakupenda bado. Tubu. Kisha usiishie kwenye maombi. Nenda ukaseme kweli kwa wanaohusika, hata kama ina gharama. Damu ya Yesu inafuta dhambi, wala haikufundishi kujificha.

Omba sala hii kwa kumaanisha:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Mikono yangu umeiumba wewe, lakini hasira imeitawala. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu uwe Bwana wangu. Unifundishe kumlinda mnyonge, na unizuie nisilipize kisasi. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umeomba sala hiyo, njoo mbele, au mwone mhudumu yeyote hapa mkutanoni tuombe pamoja. Ukimaliza kusoma, mpe karatasi hii rafiki yako mnayefanya naye mazoezi. Mungu akubariki sana!